Ukoo wa Lepa

Siku tulipomzika dada yangu Dafroza, Festo alikuja kutoka Mpitimbi akaketi kwenye viti vya plastiki, upande wa watu baki. Nilimwona tangu anashuka kwenye bodaboda: mzee sasa, koti limemzidi mabega, kofia ya sufu ameivuta hadi masikioni, maana baridi ya Songea mwezi wa sita haina heshima kwa mtu. Hakuisogelea mikeka tulipokaa sisi wafiwa. Alikaa na majirani, akaimba nyimbo zote za kanisa bila kitabu, na udongo ulipotupwa yeye alitupa wa mwisho, konzi moja ndogo, harakaharaka, kama mtu anayeogopa kuulizwa ana haki gani. Baadaye, watu walipokuwa wananawa mikono, alinifuata nyuma ya nyumba kwenye majiko, akavua kofia.

"Shemeji Koleta," akasema. Hajawahi kuacha kuniita hivyo, ingawa ushemeji wetu ulikufa kabla haujazaliwa. "Mke wangu nilishamzika. Wanangu wana watoto. Na yeye sasa amekwenda. Hakuna tena wa kuumia. Niambie wewe, dada yako alinikataa kwa nini?"

Nilimwambia anisubiri kidogo, nigawe chakula. Chakula kilikuwa na wagawaji wake, hakikunihitaji. Mimi ndiye niliyehitaji kusimama mbele ya sufuria la maharage, mwiko mkononi, moshi ukinipa sababu ya macho yangu, niupitie tena ule mwaka wote tangu mwanzo kabla sijafungua mdomo.

Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya ruksa. Sabuni iliyokuwa ikipangiwa foleni ilirudi madukani, ya rangi tatu, inanukia maua ya nchi ambazo hatujazijua. Mitumba ilishushwa Songea kwa marobota, na watu wazima waliokuwa na shati moja la kanisani wakaanza kutembea na majina ya vyuo vya ng'ambo vifuani. Mtu aliruhusiwa kununua mahindi kwa mkulima na kuyauza anakotaka bila kukamatwa. Na katika ruksa hiyohiyo ofisi ya ushirika aliyoitumikia Baba ujana wake wote ilipunguza watu, akapunguzwa. Alirudi nyumbani kwetu Bombambili na kalenda ya ofisini chini ya kwapa, akaitundika sebuleni, na tangu hapo akawa anakaa chini yake kutwa, redio ya betri magotini, kama bado yuko zamu. Mama alianza kupika mandazi ya kuuza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, kwa hiyo kila kazi isiyo na mwenyewe ilikuwa yangu. Dafroza, aliyenitangulia kwa miaka mingi hata nikawa namwogopa kidogo kama mama mdogo, alikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja Lizaboni. Alikuwa akichukua nguo za mitumba zilizoshonewa miili mikubwa ya Wazungu na kuzipunguza zituenee sisi.

Huko ndiko Festo alikoanza kuleta suruali. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, kijana wa vumbi, kope zake nyeupe kwa unga wa magunia. Alileta suruali ipunguzwe pindo. Baada ya siku chache akairudisha, bado ndefu. Akairudisha tena. Wanawake wa baraza ile wakawa hawafanyi kazi siku anazokuja.

"Kaka, suruali hiyo mwisho itakuwa kaptula," akasema muuza vitenge.

"Nikitaka kaptula ni shauri langu," akasema Festo. "Ruksa."

Dafroza hakucheka mbele yake. Alipima, akaweka alama kwa kipande cha sabuni, akakata. Lakini jioni, tukirudi nyumbani, alikuwa akikumbuka, anasimama katikati ya barabara na kucheka peke yake hadi anajishika kiuno. Nimeishi na watu wengi, nimesikia vicheko vingi. Kile sikukisikia tena kwake baada ya mwaka ule.

Sasa lazima niseme habari ya jina letu. Kwetu Ungoni watu wakikutana wanaulizana kibongo, yaani jina la ukoo. Ukishataja kibongo chako mtu anajua akusalimie vipi, akutanie au akustahi, na kama mtoto wake anaruhusiwa kumtazama mtoto wako. Vibongo vya wenzetu vilijaa darasa zima. Cha kwetu kilikuwa chetu peke yetu: Lepa. Na lepa kwa Kingoni cha nyumbani si jina la mnyama, wala mto, wala jasiri yeyote. Ni hapana. Ni hakuna, ni siyo, ni sitaki, kutegemea unalitamka ukiwa umemtazama nani. Mwalimu akiita "Koleta Lepa", nyuma hakukosekana wa kuitikia, "Hayupo!" na darasa likacheka, nami nimesimama, nipo.

Baba alikuwa na dawa ya vicheko hivyo. Alisema Wajerumani walipokuwa wanawanyonga wazee wetu baada ya vita, babu yake alisimamishwa chini ya kitanzi akaambiwa, taja wenzako walikojificha. Akajibu, "Lepa." Akaambiwa, piga magoti. "Lepa." Akaambiwa, basi batizwa, ufe Mkristo. "Lepa." Wakamnyonga, na neno lake likabaki juu ya nchi, likawa ukoo. Baba aliisimulia harusini, msibani, hata kwa kijana wa kusoma mita ya maji. Kila akifika kwenye lepa ya tatu sauti ilimkatika. Mwaka ule alipokosa kazi akaanza kuisimulia kila siku, na sisi, tulioizoea hadi kuichoka, tulikaa tukaisikiliza tena, kwa sababu tuliona kwamba hana kitu kingine.

Mshenga wa Festo alikuja Jumapili baada ya misa. Alikuwa Mzee Kasiani, mtu wa Mpitimbi, meno machache na maneno mengi. Mama alichinja kuku, akapika wali na likolo, mboga ya majani ya maboga, lililoungwa kwa karanga. Sebule ilikuwa imepigwa deki hadi inanukia unyevu. Baba alivaa tai. Bibi, mama yake Baba, aliletwa kutoka chumbani kwake akawekwa kwenye kiti chenye mikono, khanga mbili, ugoro ndani ya kikopo kidogo cha dawa mkononi. Sisi wasichana tulikaa jikoni, mlango umefungwa nusu, tukisikiliza.

"Shikamoo Mama," Mzee Kasiani akamwanza Bibi kwa heshima, kisha akamgeukia Baba. "Tuna jogoo kwetu, mzee mwenzangu, kila siku anaruka ua wa watu huku Lizaboni. Tukasema, kabla hajapigwa jiwe, bora tuje tujitambulishe."

"Huyo jogoo anakula nini?" Baba akauliza.

"Mahindi. Ananunua, anauza."

"Asije akala vifaranga vyangu!"

Wakacheka wote. Wakanawa, wakaanza kula. Dafroza alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Hapo Bibi akauliza kijana ni wa nani huko Mpitimbi.

"Mama, umeuliza vizuri," Mzee Kasiani akasema, na sauti ikanyooka kwa fahari. "Huyu si mtu wa kuokota. Ni kitukuu cha Mwalimu Benedikti mwenyewe, yule katekista wa kwanza wa misheni. Picha yake iko ukutani kwao hadi leo."

Tukasikia bati likigusana na bati. Nilichungulia. Bibi alikuwa amechukua sahani tupu iliyokuwa kando yake na kuifunikia sahani yake ya chakula, kuku akiwa bado hajaguswa. Kwetu mzee wa nyumba akifunika sahani mbele ya mshenga, njia imefungwa. Hakuna hotuba inayohitajika baada ya hapo.

"Hawa hawaoani," Bibi akasema.

"Mama!" Baba akashtuka. "Kwa nini?"

"Nimefunika."

Mzee Kasiani alinawa mikono taratibu, akasimama. Mlangoni akageuka. "Nimewahi kufukuzwa na mbwa," akasema, "nimewahi kufukuzwa na wake wenza. Na sahani, ndiyo mara ya kwanza."

Mchana ule nyumba nzima ilinyamaza isipokuwa chumba cha Bibi. Kuta zetu zilikuwa za tofali mbichi, dari hakuna. Neno likisemwa chumba kimoja lilipanda juu na kushukia kwa wote.

"Kuna kisasi kati yetu na hao watu?" Baba aliuliza.

"Hakuna."

"Uchawi?"

"Watu wa kanisa wale."

"Sasa nini, Mama? Nimekosa kazi, nikose na mkwe?"

"Kosa," Bibi akasema. Kisha kikopo cha ugoro kikagongwa, na huo ukawa mwisho.

Dafroza hakulia. Alinipeleka nyuma ya choo, mahali pekee pasipo na masikio, akaniambia, "Koleta, wewe umesoma. Bibi anafikiri tuna undugu na kina Festo, si kingine. Nenda misheni. Vitabu vya ubatizo vipo tangu wakati wa Wajerumani. Mtafute Babu Alois, umtafute baba yake, uniletee kwa maandishi kwamba Lepa ni Lepa na Benedikti ni Benedikti. Bibi anaweza kunifunikia sahani. Hawezi kufunika kitabu cha kanisa." Padri wetu wa mjini, alipoulizwa, alikubali: kama pana shaka ya damu, asili iko kwenye vitabu vya misheni ya zamani, huko ambako Babu alizaliwa.

Aliyenipeleka ni Festo mwenyewe, kwenye lori la kukodi lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi. Nilikaa katikati yake na dereva. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbele kwenye gari, nikajiona mtu wa safari rasmi. Festo alikuwa amenunua mihogo ya kuchemsha ndani ya jani, akanipa kubwa.

"Shemeji," akasema, "ukikuta huko kitabuni mimi na dada yako ni ndugu, tafadhali usiniambie. Ruka tu kwenye gari, nitaelewa."

"Nikivunjika mguu?"

"Nitakubeba. Si nitakuwa ndugu yako!"

Tulicheka hadi dereva akatukemea. Ule muhogo, ladha yake ya chumvi na majani, bado ninao mdomoni.

Chumba cha vitabu misheni kilikuwa kirefu, baridi, dirisha moja, kinanukia nta na karatasi iliyolala. Sista aliyekuwa mwangalizi, mwanamke mnene mwenye sweta la kijivu, alinitazama vidole kabla ya uso. "Nawa kwanza," akasema. "Watu wanakula mananasi halafu wanakuja kushika mababu zao." Akanifundisha nguzo za ukurasa, maana zilikuwa kwa Kilatini: Pater, baba. Mater, mama. Patrinus, baba wa ubatizo, anayemsimamia mtoto mbele ya padri. Mwandiko ulikuwa mwembamba, umelalia upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Tulifungua, tukafunga, tukafungua. Nilikuwa nasoma majina ya watu waliokufa wakiwa wachanga, mmoja chini ya mwingine, na moyo wangu wa ujana ulikuwa unaruka juu yao kutafuta wa kwangu. Tukampata baada ya chakula cha mchana. Aloisius. Mater, Kresensia. Pater, Lepa. Patrinus, Benedictus, katekista.

Niliurudia mstari ule kuusoma. Lepa wa Baba alikuwepo. Hakuwa hadithi tu. Na Mwalimu Benedikti alikuwa hapohapo kando yake, si adui, ni msimamizi wa mtoto! "Unaona," Sista akasema kwa kuridhika, "baba mwingine, baba wa ubatizo mwingine. Hiyo si damu. Waoane." Akaninakilia kwenye karatasi, akapiga muhuri. Kitu kimoja tu kilinigusa nikakisukuma pembeni: mwaka. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, walionyongwa wamenyongwa, njaa imekuja na kupita, watu wameanza tena kulima na kuzaa, ndipo Babu Alois akabatizwa akiwa mchanga wa wiki. Baba yake angewezaje kuwa amekufa chini ya kitanzi? Nikajiambia padri alikosea tarehe. Ukimpenda mtu wa hadithi, uko tayari kumsingizia padri yeyote.

Nyumbani Baba aliisoma ile karatasi kwa sauti, akasimama, akaisoma tena akiwa amesimama. "Yumo!" akapiga kelele. "Lepa yumo kitabuni! Nani atacheka sasa?" Akatuma neno Mpitimbi siku hiyohiyo kwamba mshenga arudi, na wazee wa pande zote mbili waje, sahani imefunuliwa. Dafroza alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Mimi nikachukua karatasi yangu nikaenda jikoni kwa Bibi. Nilitaka naye afurahi. Nilitaka, pengine, anipongeze.

Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, miguu ameinyoosha kuelekea majivu ya asubuhi. Nilimsomea. Nilipofika kwa baba wa ubatizo alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, maharage yakirukaruka kwenye ungo.

"Baba wa ubatizo," akasema. "Basi alijiandikisha pia."

"Bibi, Lepa yumo. Jina lake hili hapa."

"Mjukuu wangu, umewahi kumsikia mtu mwingine yeyote anaitwa Lepa?"

"Hapana."

"Ndiyo. Hapana." Akaweka ungo chini. "Hilo si jina la mtu. Hilo ni jibu."

Akaniambia, akiwa anaokota maharage yaliyodondoka moja moja. Kresensia, mama mkwe wake, alikuwa yatima wa vita, binti asiye na kibongo anachokumbuka. Misheni ilimpeleka kukaa nyumbani kwa Mwalimu Benedikti, amsaidie mke wa Mwalimu kupika. Akapata mimba humo ndani. Mtoto alipozaliwa, akapelekwa kubatizwa. Padri alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuokoteza, Kingoni hajui kabisa. Maneno yote yalipita kwa katekista wake. Padri akauliza, baba wa mtoto nani? Mwalimu akageuka, akamuuliza binti kwa Kingoni, mbele ya watu, Padri anataka kujua baba wa mtoto huyu ni nani.

"Yeye aliuliza," Bibi akasema, "na yeye ndiye aliyekuwa anajua. Kresensia akamtazama usoni. Akamwambia, 'Lepa.' Mwalimu akamgeukia padri: anasema anaitwa Lepa. Padri akaandika. Halafu Mwalimu akampokea mtoto, akamshika juu ya maji."

Nilimuuliza Kresensia alimaanisha nini. Hakuna? Sisemi? Au, si wewe?

"Nilimuuliza hata mimi, siku za mwisho, namwosha miguu. Akanijibu, 'Lepa.'" Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimwona Bibi analia, macho yamefunguka kabisa, kama mtu anayetazama mvua. "Babu yako hakujua. Baba yako hajui. Aliitunga ile hadithi ya kitanzi tangu mdogo, watoto wenzake wakimcheka, nikamwachia. Ningemnyang'anya nimpe nini? Lakini yule kijana wa mahindi na dada yako ni vitukuu vya mtu mmoja. Kwetu hao ni kaka na dada. Ningefanyaje? Nilifunika sahani."

Mlangoni kukasikika maji. Dafroza alikuwa amesimama na beseni la nguo alizotoka kufua, limeinama, maji yanamwagikia miguu yake na yeye hana habari. Sijui alifika kwenye neno gani. Alitua beseni. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kwao wanajua?"

"Kwao kuna picha ukutani," Bibi akasema.

Nilimfuata hadi nyuma ya choo. Nilimwambia kila nilichoweza kufikiri: kwamba Kanisa halizuii undugu wa mbali namna ile, kwamba wenye habari ni sisi watatu tu, kwamba amwambie basi Festo, waamue wawili. Alikuwa ananyanyua kucha ya kidole gumba, anaing'oa kidogokidogo.

"Festo nikimwambia, atasema haidhuru," akasema. "Na mimi nitakubali. Unaelewa, Koleta? Nitakubali. Halafu nitazaa, na mtoto ataniuliza kibongo chake."

"Basi mwambie Baba, asiwaite wale wazee."

"Nimwambie nini Baba? Kwamba Lepa hakunyongwa?" Alinitazama, na nikaona kwamba amekwisha kunitangulia tena, mbali sana, mahali ambapo nisingemfikia. "Ana kalenda ile tu na Lepa."

Wazee walikuja. Sebule haikutosha, viti vikaazimwa kwa majirani, ulanzi, pombe ya mianzi, ukaletwa kwa madumu. Festo alikaa karibu na mlango amevaa ile suruali, pindo lake sawasawa sasa. Bibi alikataa kutoka chumbani. Baba alisimama chini ya kalenda, akasoma karatasi ya misheni, akasimulia kitanzi na lepa tatu, na wazee wa Mpitimbi wakaguna kwa heshima. Mmoja akasema ni jambo jema damu ya shujaa kuingia nyumba ya Mwalimu. Kisha akaitwa Dafroza, kama desturi ilivyo, msichana aulizwe mbele ya pande zote. Aliingia amejitanda khanga mpya. Alipiga goti.

"Binti," Mzee Kasiani akasema, "kijana huyu unamjua?"

"Namjua."

"Tumekuja kwa ajili yake. Tule, au tusile?"

Katika sherehe hiyo jibu linajulikana. Msichana anaangalia chini, anasema kwa aibu, kuleni, na vigelegele vinaanza; Mama alikuwa amekwisha kujaza pumzi. Dafroza hakuangalia chini. Alimtazama Festo usoni, muda ambao sasa najua ulikuwa wa kuaga, akasema:

"Lepa."

Kuna mtu alicheka, akidhani ni utani wa jina. Mzee Kasiani akauliza tena, sababu nini. "Lepa." Ana mwingine? "Lepa." Hapo Baba akaketi, akasimama, akaketi tena. Uso wake ulikuwa umejaa haya mbele ya wageni, na chini ya haya kulikuwa na kitu kingine kinachojitahidi kutoka. Akajipiga paja. "Mara tatu," akasema kwa sauti iliyokatika. "Mmesikia? Mara tatu. Huyo ni Lepa mwenyewe." Maskini Baba. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Jina tulilipata kwa mwanamke aliyesimama hivyohivyo.

Festo aliondoka wa kwanza. Nilimwona akipita uani, akasimama kidogo penye kamba ya nguo kana kwamba amesahau njia, kisha akashika barabara.

Bibi alifariki mvua zilipoanza. Baba alidumu miaka mingine mingi chini ya kalenda ileile, karatasi ya misheni imewekwa kwenye fremu kando yake, na aliisimulia hadithi ya kitanzi hadi wiki ya mwisho, sasa ikiwa na mkia: binti yake naye alivyosema mara tatu. Lizaboni walimwita Dafroza Bibi Hapana. Walisema anaringa, walisema anasubiri Mzungu atoke kwenye robota la mitumba. Alipunguza nguo za watu, akasomesha wanangu, akazeeka juu ya cherehani. Hakuolewa. Nimeandika vitabu juu ya watu niliowabuni, nikawapa midomo na majibu marefu. Yeye alikuwa na neno moja, si lake hata, la kurithi, na alilibeba peke yake ili wengine wote wabaki na picha zao ukutani.

Nilirudisha mwiko kwenye sufuria. Festo alikuwa bado amesimama pale nilipomwacha, kofia mkononi, kichwa cheupe kwenye baridi. Akasubiri. Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile la nyumbani kwetu, neno la mama yake Babu, la dada yangu, na lingetosha. Angeinamisha kichwa na kurudi Mpitimbi nalo. Nikalimeza.

"Shemeji?" akasema.

"Usiniite shemeji," nikamwambia. "Keti hapo kwenye gogo. Keti, kaka."

Alirudia, "Kaka?" kwa kuudhika kidogo, kama mtu aliyepunguziwa cheo. Kisha nikamweleza. Sikuficha beseni, sikuficha maji ya ubatizo. Alisikiliza akiikunja kofia na kuikunjua. Nilipofika kwa Mwalimu alifumba macho, na nilijua anaiona ile picha. Hakukana. Mwisho aliuliza, "Siku ile ananitazama, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Nami nilifikiri ni suruali," akasema. "Nilifikiri alinichoka, mtu wa vumbi." Akacheka, au alilia, na moshi ulikuwa mwingi.

Alipoinuka nilidhani anatafuta bodaboda. Alipita mbele ya viti vya plastiki, akavipita, akaja hadi ukingoni mwa mikeka, akaanza kuvua viatu kwa taabu, mkono kwenye nguzo ya turubai. Mmoja wa wanangu, mwenye adabu, akainuka kumsaidia.

"Shikamoo, Mzee. Kiti chako kiko kule."

"Lepa," akasema Festo, akakaa chini na wafiwa.